Kobe Asipigwe Jua

Nyumbani
Jumatatu, tarehe 2 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Barua yako ilinikuta bekari, mikono imejaa unga, nikaifungua kwa meno. Kumbe mpishi mzima wa kambi unalala kitanda cha juu, na chini yako kuna mtu anakoroma mpaka sufuria zinatikisika! Umeyataka mwenyewe. Una gari lenye kitanda, jiko, sinki na mapazia, nyumba kamili yenye magurudumu, umeiacha hapa uani kwetu ukaenda kupikia wajenga barabara mahali ambapo hata simu haishiki.

Mama hajambo. Anakula, anacheka, anagombana na jirani kama kawaida. Ile mashine ya kumsaidia kupumua akilala ameshaizoea. Anaiita "mume wangu" kwa sababu inamnong'oneza sikioni mpaka kunakucha.

Kobe wako naye, gari hilo hilo, hajambo. Yupo pale pale ulipomwegesha, ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha la Mama. Hakuna aliyemgusa. Nakwambia hakuna aliyemgusa, usije ukadhani labda kuna mtu amemgusa.

Nina swali dogo, la mfano tu. Zile paneli za sola zilizo juu ya paa lake, kwa mfano mtu angetaka kuwasha kitu kidogo, si jokofu wala pasi, kitu kidogo tu cha ndani ya nyumba, usiku kucha, zingeweza? Jirani ndiye anayeuliza.

Meneja anakusalimu. Unamjua kaka yetu mkubwa, hata salamu zake zina ajenda.

Dada yako

*

Kambini
Jumatano, tarehe 11 Februari

Dada, shikamoo.

Tangu lini jirani yetu anapenda mambo ya sola? Yule bibi anaogopa hata kengele ya mlango. Na "hakuna aliyemgusa" umeiandika mara mbili, moja juu ya nyingine. Wewe ukidanganya unajirudia, dada yangu, hujijui tu. Ndivyo ulivyokuwa tangu utotoni: "Sikula sukari, sikula sukari," na midomo inang'aa.

Haya, sema. Kobe amefanywa nini? Sitakasirika. Au nitakasirika kidogo tu, maana lile gari nimelijenga kwa mikono yangu kutoka basi bovu. Kila msumari naujua. Rangi nimepaka mwenyewe, kijani juu, maziwa chini, na nikifumba macho hapa kambini naiona. Kila kazi inapoisha najiambia, sasa narudi kwangu, na kwangu ndiko huko, kwenye magurudumu.

Lakini mashine ya Mama ni kitu kidogo. Kinawashwa usiku kucha. Kiko ndani ya nyumba. Mimi ni mpishi, si mjinga. Kuna nini huko?

Barua zinakuja na lori la maji, na lori la maji linakuja likitaka. Kwa hiyo tafadhali, ukijibu, jibu ukweli wote kwa mara moja.

Mdogo wako
Kitinda

*

Nyumbani
Alhamisi, tarehe 19 Februari

Kitinda,

Nimekamatika. Tafuta gunia la viazi ukae, usome.

Umeme hapa siku hizi unakatika karibu kila jioni, na wenyewe wanaurudisha wanapojisikia. Mwezi uliopita ulikatika Mama ameshalala na mashine yake. Mashine ikazimika, na yeye na usingizi wake ule mzito hakuamka. Nilimkuta anahema kwa shida, midomo imebadilika rangi. Nilipiga yowe mpaka jirani akaruka ukuta, na magoti yake unayajua. Tukamkalisha, tukafungua dirisha, tukampepea, akarudi vizuri. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kaniwekea tochi usoni?" Nikacheka, halafu nikalia, Kitinda. Nililia sana. Nikampigia Meneja hivyo hivyo nikilia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana ukimlilia Meneja anakuletea uamuzi.

Uamuzi wenyewe ni kwamba Mama ahamie kwake, ghorofa ya tano, kwa sababu jengo lao lina jenereta. Anasema ni kwa usalama, na usalama kweli upo. Lakini unamjua Mama. Alikaa kule siku chache mwaka juzi akarudi amekonda. Pale nyumbani kwa Meneja kila kitu kina mahali pake, na hakuna bustani, hakuna benchi la mlangoni, hakuna wa kugombana naye. Mama amesema kwa sauti ndogo, "Mkiona inafaa." Umewahi kumsikia Mama akisema "mkiona inafaa"?

Ndipo nikamtazama Kobe. Nikamwita fundi umeme, yule mrefu tunayemwita Fyuzi. Akapanda paani, akashuka anacheka. "Dada, mna umeme umelala hapa nje, na nyinyi mnalala gizani!" Akavuta waya kutoka kwenye betri za gari lako, akaupitisha ukutani nyuma ya kabati la Mama. Umeme wa nyumba ukiondoka, wa Kobe unaingia. Unawasha mashine na taa moja, basi.

Mama hajui. Nimemwambia ni akiba ya umeme tuliyopewa bekari. Angejua inatoka kwenye gari lako angeuchomoa waya mwenyewe. Hata kijiko chako hanipi. Juzi nilimwomba sufuria yako moja, akaniuliza kama nina ruhusa yako kwa maandishi. Na wewe sikukuambia kwa sababu uliniusia kisiguswe kitu, tena nilijua ukisikia habari ya midomo ya Mama utatupa mwiko uanze kutembea kwa miguu.

Sasa shida ni kwamba haidumu. Kobe anaanza vizuri, halafu sijakaa sawa, kile kidude cha betri kinalia pii, pii, kwisha habari. Nabaki macho nikisikiliza pumzi za Mama, alfajiri naenda bekari kichwa kinaniuma. Ni Jumapili tu ndiyo tunapata usiku mzima. Jumapili peke yake! Na Fyuzi naye huja Jumapili, ndiyo siku yake ya mapumziko. Anapima, anakuta betri zimejaa pomoni, ananicheka. Anasema betri zako ni za kidini.

Meneja anakuja Jumamosi tarehe 14 Machi, atalala hapa. Mashine ikizimika mbele yake, Mama anaondoka naye kesho yake. Nimejaribu kumbembeleza, kasema ratiba ni ratiba.

Kingine sijagusa. Turubai lako limeviringishwa pale nyuma ya paa kama ulivyoliacha, kila nikirudi kutoka kazini naliona.

Nisamehe. Kasirika, lakini kwanza niambie nifanye nini.

Dada yako

*

Kambini
Jumatano, tarehe 25 Februari

Dada,

Nimeisoma barua yako nimesimama, supu ya watu wote ikaungua. Wamekula hivyo hivyo, wakasema leo ina ladha mpya.

Nikasirike nini? Ungeng'oa hata magurudumu ningekushukuru. Nilichukia jambo moja tu, kwamba umekesha peke yako wakati mimi nilikuwa huku nikiwaza rangi ya gari. Nilishaanza kufunga begi. Dereva wa lori la maji akaniambia hana nafasi mpaka wiki mbili zipite, amebeba mapipa, nikafungua begi. Huko nje ni pori na mawe tu, mtu hatembei.

Sasa sikiliza. Panda ngazi ufute vumbi juu ya paneli, kwa kitambaa kibichi, usisugue kama unasugua trei za mikate. Tazama vichwa vya betri kama vina ukungu mweupe, mwambie Fyuzi avisafishe. Hakikisha jokofu la ndani ya Kobe limezimwa. Tazama kivuli: labda mti umekua, labda jirani kaanika blanketi.

Ila hiyo Jumapili inanitoa jasho. Paneli hazijui siku. Betri mbovu ni mbovu siku zote, haipumziki ikapona. Nimewauliza mafundi wa hapa, mmoja kasema labda Jumapili magari ni machache barabarani kwa hiyo vumbi ni dogo, mwingine kasema labda mnaomba sana. Wote nimewanyima nyama.

Mwambie Mama namsalimu. Usimwambie kitu kingine, maana ni kweli, akijua umeme ni wangu atauchomoa. Yule akikutunzia kitu, hata wewe mwenyewe anakunyima.

Kitinda

*

Nyumbani
Jumanne, tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Nimefuta vumbi. Vichwa vya betri vinang'aa. Jokofu limezimwa tangu zamani. Kivuli hakuna, jirani blanketi zake kaanika upande wa pili na kaniapia. Jana umeme umekatika, na Kobe akalia pii, pii kabla sijamaliza kuosha vyombo.

Jumapili iliyopita tulilala mpaka asubuhi kama watoto.

Fyuzi sasa hacheki. Anasema basi betri zimechoka, zinashika zikitaka, na betri za aina hiyo hapa hazipo, mpaka ziagizwe, na tarehe 14 haiwezi kungoja. Nimemshukuru, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Jana nilimkuta Mama anakunja nguo zake moja moja na kuzipanga juu ya kiti. Nilipomuuliza alisema anatafuta nondo. Nondo gani wanaotafutwa mpaka kwenye viatu? Anaondoka, Kitinda. Ameshakubali kimoyomoyo. Mimi nitabaki na hii nyumba, benchi, na jirani anayeniuliza kila asubuhi Mama yuko wapi.

Nimechoka. Kama una neno, lilete upesi.

Dada yako

*

Nyumbani
Jumatano, tarehe 4 Machi

Mwanangu Kitinda,

Naandika mwenyewe. Mwandiko umepinda kidogo lakini maneno hayajapinda. Jirani ataitia kwenye posta, dada yako asijue, kwa sababu atataka kusoma.

Hujambo huko? Unakula, au unapikia watu tu? Usivae soksi mbichi.

Kaka yako anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Watoto wangu wawili wanazungumza jikoni kwa simu wanadhani sisikii. Nina tatizo la kupumua, si la masikio. Nimeelewa kwamba akiba ya umeme ya bekari haitoshi, na kwamba mimi nitakwenda ghorofani. Sitawasumbua. Dada yako amekonda, macho mekundu, na ni kwa ajili yangu. Lakini kwako nasema ukweli kwa kuwa uko mbali na huwezi kunijibu hapo hapo: sitaki kwenda. Kule kwa kaka yako hata kikombe kina mahali pake, ila mimi sina. Hapa nikiamka najua ubao gani unalia nikiukanyaga. Nilizaa hapa. Wewe ulijifunza kutembea kwa kushika lile benchi.

Kinachoniuma zaidi ni gari lako. Ulipoondoka uliniachia neno moja: "Mama, Kobe asipigwe jua, rangi itababuka." Nimelishika neno lako. Kila asubuhi dada yako akishakwenda kazini, jua likichomoza tu, navuta ile kamba yako nyekundu na turubai linapanda lote, gubigubi, mpaka puani. Kile kigurudumu ulichofunga ni chepesi, Mungu akubariki, kamba inakuja kama mshipi. Halafu nakaa naye hapo nje kwenye kivuli chake, nashona. Kabla dada yako hajarudi navuta ya bluu, turubai linajiviringisha, kila kitu kama kilivyokuwa. Akijua atapiga kelele, maana daktari kakataza nisinyanyue vitu. Kuvuta si kunyanyua.

Siku ambayo simfuniki ni Jumapili tu, kwa kuwa dada yako anashinda nyumbani. Nisamehe kwa hizo Jumapili. Siku hizo jua linampiga mchana kutwa, namwona kupitia dirisha langu, na moyo unaniuma.

Nikishaondoka nani atamfunika? Andika, uniambie nimwachie nani kamba.

Mama yako

*

Kambini
Jumatatu, tarehe 9 Machi

DADA, SOMA HII KABLA YA KITU CHOCHOTE.

Lori limeleta barua mbili pamoja, yako na ya Mama. Ya Mama niliianza nikilia na nimeimaliza nimelala chali sakafuni nacheka, wajenga barabara wamenizunguka wanadhani nimepagawa.

Betri ni nzima! Paneli ni nzima! Mama anamfunika Kobe kila siku kuanzia jua linapochomoza mpaka karibu na wewe kurudi. Ni mimi niliyemwambia amkinge na jua. Anavuta kamba. Hilo turubai unaloliona limeviringishwa, limetoka kuviringishwa muda huo huo! Jumapili hamfuniki kwa sababu upo nyumbani. Ndiyo dini yenyewe ya betri zetu, mwambie Fyuzi.

Umemficha Mama umeme, Mama amekuficha turubai, na mimi nilikuficha... mimi sikuficha kitu, nilisahau tu kwamba paneli nilizifunga juu ya paa baada ya kulifunga turubai, na agizo nikalitoa lile lile la zamani. Ndiyo akili ya mdogo wako.

Leo ni Jumatatu. Nimempa dereva namba yako akupigie akifika penye mtandao, lakini yule anasahau hata lori lake kaliegesha wapi, ndiyo maana naandika na nimeomba barua ipite njia ya haraka. Ikikufikia, acha unga, kimbia nyumbani, vuta kamba ya bluu.

Usimgombeze. Karatasi ya ndani ni yake, mpe asome mwenyewe.

Kitinda

*

(Karatasi ya ndani)

Mama yangu, shikamoo.

Hakuna mtu amewahi kunitunzia kitu kama ulivyomtunza Kobe. Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka imelainika.

Sasa nina agizo jipya, nalo ni kinyume kabisa cha lile la kwanza. Ile akiba ya umeme si ya bekari, Mama. Ni ya Kobe. Pale juu ya paa lake pana vioo vyeusi vinavyokula jua mchana, halafu usiku vinakupumulia wewe. Kila ukimfunika, anashinda njaa. Hukujua, na hakuna aliyekuambia. Kosa ni letu, la watoto wako wenye siri nyingi.

Mwache apigwe jua. Rangi ikibabuka nitapaka nyingine. Na kama ni bora zaidi, mwambie Fyuzi azing'oe paneli zote, azipande juu ya paa la nyumba, ziwe zako moja kwa moja. Mimi nitajua la kufanya.

Nguo zirudishe kabatini.

Mwanao, Kitinda

*

Nyumbani
Ijumaa, tarehe 13 Machi

Kitinda wewe! Kitinda!

Barua imefika jana mchana, nikiwa na trei ya mikate mkononi. Nimeisoma mstari wa kwanza, wa pili, nikaiacha trei kichwani kwa mwenzangu, nikakimbia na aproni yangu. Watu njiani wanauliza kuna moto wapi.

Nafika uani, na kweli bwana, Kobe amefunikwa gubigubi, hata taa za mbele hazionekani. Mama amekaa pembeni yake kwenye kivuli anashona kifungo. Aliponiona alificha sindano, kana kwamba sindano ndiyo kosa.

"Mbona umerudi mapema?"

"Mama, unafanya nini hapo?"

"Nimekaa."

"Na hilo turubai?"

Akalitazama kama analiona kwa mara ya kwanza. "Upepo," akasema.

Upepo, Kitinda! Na mimi ndiyo wa kusemwa kwa sukari!

Nikavuta kamba ya bluu, nikampa karatasi yako. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika katikati alisimama, akazitazama paneli, akanitazama mimi, akarudi kusoma. Nilingoja alie. Alianza kutikisika mabega, nikamkimbilia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika benchi. "Yaani nilikuwa najizimia mwenyewe! Kwa mikono yangu! Na kamba nasifia!" Nikacheka na mimi, tukashikana, jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza kama kuna msiba.

Halafu akanuna. "Mnanificha umeme ndani ya nyumba yangu mwenyewe?" Nikasema, "Na wewe unanificha turubai?" Akafikiri, akasema tuhesabu tumelingana.

Jana alasiri na leo kutwa jua limekuwa kali, sijawahi kulipenda jua namna hii. Fyuzi alipita kupima akasema zimejaa, na leo si Jumapili. Nikamweleza. Alikaa chini kwenye udongo.

Jana umeme ulikatika jioni. Nilikaa kitini nikingoja pii, pii. Nilizinduka kumekucha, shingo imekakamaa, na mashine bado inanong'ona. Nimelala, Kitinda. Kumbe usingizi ni mtamu hivi!

Meneja ni kesho. Niombee.

Dada yako

*

Jumapili, tarehe 15 Machi

Mdogo wangu,

YAH: HALI YA MAMA NA UMEME

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilifika jana mchana kama ilivyopangwa. Mama alinipokea vizuri, kupita kiasi, akanikalisha mahali ambapo naiona taa ya chumba chake. Jioni umeme wa mtaa mzima ukakatika. Nyumba zote zikawa giza. Hii moja ikabaki na taa. Mashine haikusita hata kidogo. Niliweka kiti mlangoni kwa Mama nihakikishe mwenyewe, na ninakiri kwamba nilisinzia hapo nikisubiri ifeli. Asubuhi nilikuta nimefunikwa blanketi.

Nimekagua waya, betri na paneli pamoja na fundi. Nimeelezwa pia suala la turubai. Nimecheka, ingawa dada yako anadai sikucheka.

Uamuzi: Mama anabaki kwake.

Sasa naacha mambo ya ofisi. Kitinda, najua mnaniona mtu wa amri. Ile siku dada yako alinipigia analia, nilikuwa nimesimama kwenye lifti, na nilidhani ananiambia Mama amekufa. Mpaka alipomaliza sentensi nilikuwa nimeshakaa sakafuni. Tangu hapo kila simu ikilia moyo unaniruka. Nilitaka awe chumba cha pili ili nisikie mwenyewe kama anapumua. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Leo asubuhi nilisimama pale mlangoni nikamsikiliza kwa muda mrefu, na mzigo wote ukanitoka. Nimekula kifungua kinywa cha watu wawili.

Asante kwa lile gari lako nililoliita takataka mbele ya watu. Nafuta kauli.

Kaka yako

*

Nyumbani
Jumapili, tarehe 22 Machi

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Nguo zimerudi kabatini, na viatu pia. Kaka yako aliondoka ameshiba, na kabla ya kuondoka alipanda ngazi na tai yake akafuta vioo vya Kobe, kimoja kimoja, tukiwa tumemshikia ngazi. Jirani alitoka kutazama akasahau kunigombeza.

Dereva wako wa lori la maji amepiga simu leo, karibu wiki mbili zimepita. Anamwambia dada yako kwa sauti ya haraka, "Kuna jambo la kufa na kupona kuhusu turubai." Dada yako alimshukuru sana, akamwambia asingefanya hivyo tungeangamia. Usimwambie.

Sasa hilo la kung'oa paneli nizihamishie juu ya paa la nyumba. Fyuzi alikuja na nyundo, nimemrudisha nayo. Ukizing'oa, Kobe atabaki bati na magurudumu, na wewe utakuwa mgeni kila mahali. Najua ulivyoandika, "mimi nitajua la kufanya." Mtoto wangu akisema hivyo maana yake hajui. Zikae hapo hapo. Ukiwa safarini, Kobe akiwa hapa, ananipumulia mimi. Ukitaka kwenda naye, fundi kasema betri mpya zikishaagizwa na paneli nyingine zikaja, nyumba itakuwa na zake. Mpaka hapo tunagawana, hatujawahi kushindwa kugawana.

Nilikuwa na huzuni kidogo, nikwambie. Nilifikiri kazi yangu imekwisha. Asubuhi ile ya kwanza baada ya barua yako nilikwenda pale nikashika kamba nyekundu, nikaiacha, nikarudi ndani, sina la kufanya na mikono yangu. Nilipokuwa nakifunika kile kigari, mwanangu, nilikuwa nakufunika wewe. Ulikuwa mtoto wa kujifunua shuka. Kila usiku nilikuja mara mbili, mara tatu, nakuta miguu iko nje.

Basi nimebadilisha zamu. Asubuhi namfunua, jua lichomoze limkute macho wazi. Jioni likishazama, navuta nyekundu, umande usimharibie rangi yake. Anaamka, anafanya kazi, anafunikwa, analala, kama mtu yeyote mwenye mama.

Dada yako sasa anajua na hapigi kelele. Amesema kweli kuvuta si kunyanyua.

Jioni nikishamaliza namgonga ubavuni namwambia, lala, umefanya kazi. Halafu naingia ndani, navaa mashine yangu, na kabla sijafumba macho nakuambia na wewe.

Mama yako